Asili ya jina Frankopan: jina la ukoo kama hati ya historia

0. Utangulizi

Mtafiti wa majina ya watu hukutana mara nyingi na ukoo ambao jina lake hutangaza asili yake. Wenye jina husema: sisi tulitoka mahali fulani, babu yetu alikuwa mtu fulani, na jina letu ndilo ushahidi. Je, dai la namna hiyo lipokewe kuwa historia, au liwekwe kando kuwa hadithi tu? Katika makala haya tutalijadili swali hilo kwa njia ya mfano mmoja wenye hati nyingi, yaani jina la ukoo wa Frankopan, mojawapo ya koo mbili mashuhuri kuliko zote za makabaila wa Kroatia. Tutalilinganisha na jina la ukoo wa pili, Zrinski, kisha tutataja kwa ufupi yale yanayowahusu wanafunzi wa Kiswahili.

1. Ukoo kabla ya jina

Habari za ukoo huu zinaanzia kisiwani Krk, kaskazini mwa bahari ya Adriatiki. Mwaka 1118 serikali ya Venezia ilimkabidhi mtu aitwaye Dujam utawala wa kisiwa hicho. Wazao wake waliendelea kukitawala chini ya Venezia, na wakati huohuo walijipatia ardhi bara, katika nchi ya mfalme wa Hungaria na Kroatia. Mwaka 1193 mfalme Béla III alimpa Bartol, mmoja wa wazao hao, wilaya ya Modruš. Baadaye bonde la Vinodol nalo likawa mali yao. Hivyo walikuwa watumishi wa mabwana wawili, mmoja wa baharini na mmoja wa nchi kavu, nao walijua kuutumia ushindani wa mabwana hao kwa faida yao.

Waliitwaje wakati huo? Jibu tunalipata katika Sheria ya Vinodol ya mwaka 1288, mojawapo ya hati za kale kabisa za sheria zilizoandikwa kwa Kikroati. Nakala iliyobaki ni ya baadaye, nayo imeandikwa kwa alfabeti ya Glagoliti. Mwanzoni mwake watawala wanatajwa kwa majina yao binafsi, kama vile Leonard, Dujam, Bartol na Vid, kisha linafuata neno la cheo, knez, yaani mkuu wa jimbo, pamoja na majina ya nchi zao: Krk, Vinodol na Modruš. Frankopan halitajwi popote. Kwa karne tatu hivi ukoo huu ulijulikana kwa cheo chake na nchi yake, wala haukuhitaji jina jingine.

2. Jina laingia

Mabadiliko yalikuja wakati wa Nikola IV, aliyefariki mwaka 1432. Mwaka 1426 alifikia cheo cha ban, yaani naibu wa mfalme nchini Kroatia, akawa mtu mwenye nguvu kupita wakuu wote wa nchi hiyo. Mwaka 1430 alisafiri kwenda Roma, naye Papa Martin V akamtambua kuwa ni wa nasaba ya Frangipani, ukoo wa kale wa Roma. Tangu hapo wazao wa Dujam walijiandika kwa Kilatini »de Frangepanibus«, na kwa Kikroati Frankapan au Frankopan.

Ukoo wa Frangipani ulikuwa na sifa kubwa. Katika karne ya 11 na ya 12 ulikuwa miongoni mwa koo zilizopigania mamlaka mjini Roma, na uliugeuza sehemu ya uwanja wa kale wa Colosseum kuwa ngome yake. Mwaka 1268 Giovanni Frangipane ndiye aliyemkamata huko Astura kijana Conradin, mrithi wa mwisho wa nasaba ya Hohenstaufen. Hata hivyo, kufikia mwaka 1430 enzi ya ukoo huo ilikuwa imepita. Jina lilibaki na heshima ambayo nguvu za wenyewe hazikuilingana tena.

Pamoja na jina, ngao nayo ilibadilika. Ngao ya zamani ya wakuu wa Krk ilikuwa na nyota. Ile mpya ilionyesha simba wawili waliosimama wakitazamana na kushika mkate, kufuatana na maana ya jina.

3. Uchambuzi wa neno

Frangipane ni neno ambatani. Sehemu ya kwanza inatokana na kitenzi cha Kilatini »frangere«, kuvunja au kumega; ya pili ni »panis«, mkate. Msemaji wa Kiswahili haoni ugumu wowote katika muundo huu, kwa kuwa kitenzi hutangulia na mtendwa hufuata, kama katika mfuja-mali au mla-watu. Tungeweza kulitafsiri jina lote kwa neno Mmega-mkate. Simulizi za Roma husema kwamba babu wa ukoo aliwagawia watu mkate wakati wa njaa. Hapa tuwe waangalifu: simulizi inalifafanua jina vizuri mno, na mara nyingi simulizi ya aina hiyo huzaliwa na jina lenyewe.

Umbo la Kikroati linastahili kuangaliwa peke yake. Katika Frankopan irabu ya kati imekuwa »o«, na irabu hiyo ndiyo kiunganishi cha kawaida cha maneno ambatani ya Kikroati. Kutokana na »voda«, maji, na »pad«, anguko, tunapata »vodopad«, yaani maporomoko ya maji. Kutokana na »ruka«, mkono, tunapata »rukopis«, yaani mwandiko wa mkono. Kwa hiyo jina lililotoka Italia lilivikwa vazi la kienyeji, na masikioni mwa Wakroati likawa kama neno lililoundwa kwao. Ndivyo lugha inavyoyapokea majina ya kigeni kila mahali.

4. Dai na ushahidi

Je, wazao wa Dujam walikuwa kweli Waroma? Mwanahistoria Vjekoslav Klaić, aliyechapisha mwaka 1901 kitabu kikubwa juu ya wakuu hao wa Krk, aliwafungulia njia wote waliokuja baada yake, na leo wataalamu kwa jumla hawalipokei dai hilo. Sababu kuu ni mbili.

Kwanza, hati za kuanzia mwaka 1118 hadi karne ya 14 haziwaunganishi wakuu wa Krk na Roma. Kama ukoo ungekuwa na jina tukufu kiasi hicho tangu mwanzo, ni vigumu kueleza kwa nini liliachwa bila kutumiwa kwa miaka 300.

Pili, majina binafsi yanaelekeza kwingine. Dujam, jina linalorudiwa kizazi baada ya kizazi, ni jina la mtakatifu msimamizi wa mji wa Split, katika pwani hiyohiyo ya Dalmatia. Watu wa Frangipani walipenda majina kama Cencio na Oddone. Koo nyingi huwapa watoto majina ya mababu, kwa hiyo orodha ya majina binafsi hufichua mara nyingi yale ambayo jina la ukoo limeyafunika.

Hata hivyo tusiishie kusema kwamba jina ni la uongo. Linatuambia jambo la kweli kuhusu mwaka 1430: mtu aliyeshika cheo cha juu nchini mwake alitaka kutambuliwa na Papa na na wafalme wa Ulaya kuwa sawa na makabaila wa kale. Cheo alikuwa amekipata. Kilichobaki kutafutwa kilikuwa ukale.

5. Jina Zrinski: njia nyingine

Ukoo wa Zrinski ulipata jina lake kwa njia iliyo wazi. Asili yake ni ukoo wa Šubić wa Bribir. Mwaka 1347 mfalme Ludovik I aliitwaa ngome yao ya Ostrovica, akawapa badala yake ngome ya Zrin. Tawi lililohamia huko likaitwa Zrinski. Kiambishi »-ski« hutenda kazi ya kihusishi chetu cha -a unganifu: Zrinski maana yake ni »wa Zrin«. Kwa kuwa neno hilo ni kivumishi, mwanamke huitwa Zrinska.

Koo hizo mbili ziliungana kwa ndoa, na mwisho wao ulikuwa mmoja. Petar Zrinski alimwoa Katarina Frankopan, mwandishi wa kitabu cha sala kilichochapishwa Venezia mwaka 1661. Petar na shemeji yake Fran Krsto Frankopan walikula njama dhidi ya mfalme Leopold I, wakakatwa vichwa huko Wiener Neustadt tarehe 30 Aprili 1671. Mabaki yao yalirudishwa Zagreb mwaka 1919. Jina lililotafutwa Roma kwa ajili ya heshima ya ukoo mmoja lilikuwa limegeuka kuwa alama ya taifa zima.

6. Mafunzo kwa uchunguzi wetu

Msomaji atakuwa amekwisha kuwakumbuka Washirazi. Masimulizi ya Kilwa huwaleta wafalme wa kwanza kutoka Shiraz, na kwa muda mrefu wataalamu waligawanyika kati ya walioyaamini yote na walioyakataa yote. Uchunguzi wa vinasaba kutoka makaburi ya kale ya pwani, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kuanzia mwaka 1000 hivi wanaume wenye asili ya Uajemi walichanganyika na wanawake wa Kiafrika. Wakati huohuo akiolojia imeonyesha kwamba miji ya pwani ilikua kutokana na jamii za Kiafrika zilizokuwapo. Dai la Shirazi, basi, lina chembe ya ukweli ambayo dai la Frankopan halikuonekana kuwa nayo. Tofauti hiyo isingalijulikana kwa kuyatazama majina peke yake.

Hata katika masimulizi ya Waluba, Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki na kumzaa Kalala Ilunga, analeta uhalali wa utawala kutoka mbali. Mgeni mtukufu ni mhusika anayejulikana katika nchi nyingi.

7. Hitimisho

Mwanafunzi anayekusanya majina ya koo katika Kongo ayaulize maswali matatu: jina linaonekana mara ya kwanza lini katika hati au katika ushuhuda wa wazee? Kabla yake watu waliitwaje? Nani alifaidika lilipopokewa? Kufanana kwa sauti kati ya majina mawili kuwe mwanzo wa kazi, kamwe kusiwe mwisho wake. Jina la ukoo ni shahidi mwaminifu wa siku lilipochukuliwa. Kuhusu siku zilizotangulia, lihojiwe kama shahidi mwingine yeyote.