PICHA MOJA KILA SIKU

Wahenga walisema: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Hata afya ni mali. Katika ukurasa wetu wa mwezi huu tunapenda kuzungumza na wazazi na walezi juu ya jambo dogo linaloweza kufanywa nyumbani: kupiga picha moja kila siku kwa mwaka mzima.

TULIVYOANZA

Sisi nyumbani tulianza siku ya kwanza ya Januari, kwa ajili ya watoto, ili tuone wanavyokua. Kila jioni, kabla giza halijaingia, tulikaa wote kwenye benchi la barazani, na mmoja wetu akapiga picha moja kwa simu. Zilikuwapo siku tulizosahau, na siku ambazo mtoto alinuna akakataa kukaa. Hatukukata tamaa. Kesho yake tuliendelea.

Jioni moja ya Septemba tulizitazama zote tangu mwanzo. Watoto walicheka kuona meno yaliyong'oka na yaliyoota. Sisi wakubwa tulinyamaza. Bibi yao, ambaye Januari mashavu yake yalijaa, mwezi wa Agosti alikuwa na shingo nyembamba, na gauni lile lile lilimpwaya. Na tulikuwa tukila naye kila siku! Tulipomwuliza, alijibu kwa upole kwamba ni uzee tu, ila kiu inamsumbua, na usiku anaamka mara nyingi kwenda haja ndogo. Kesho yake tulimpeleka hospitali. Alipimwa, akakutwa na kisukari. Sasa anatumia dawa, anafuata chakula alichoelekezwa, na kwenye benchi bado anakaa katikati.

KWA NINI HATUKUONA?

Jicho linalomwona mtu kila siku humzoea. Mwili unapopungua kidogo kidogo, hakuna siku moja ya kushtuka. Anayeshtuka ni mgeni aliyekuja baada ya miezi sita: "Mama, mbona umekonda hivyo?" Ndiyo maana husemwa, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Picha za mwaka mzima humpa mwenyeji macho ya mgeni.

ALIYEPIGA HADI SIKU YA MWISHO

Huko Marekani aliishi mpiga picha aitwaye Jamie Livingston. Tangu tarehe 31 Machi 1979 alipiga picha moja kila siku kwa kamera ya Polaroid, ile inayotoa picha papo hapo. Alipiga marafiki, chakula, barabara, na siku zisizo na jambo lolote. Baadaye aliugua uvimbe kwenye ubongo. Hakuficha: picha zinaonyesha kichwa chenye kovu la upasuaji, kitanda cha hospitali, na pia ndoa yake ya Oktoba 1997. Alifariki tarehe 25 mwezi huo huo, siku aliyotimiza miaka 41. Aliacha picha zaidi ya 6,000, na mwaka 2007 marafiki zake walizionyesha katika Chuo cha Bard, alikosomea. Picha hizo hazikumponya. Lakini wale waliompenda walibakiwa na siku zake zote, za furaha na za maumivu.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Pigeni mahali pale pale, saa ile ile, mwanga ukitoka upande ule ule. Hapo tofauti itaonekana vizuri.

2. Kila mwisho wa mwezi kaeni pamoja mlinganishe picha za mwezi huo na za mwanzo.

3. Kama mgonjwa ana kidonda, kipigeni picha pamoja na rula iliyowekwa kando bila kukigusa, kisha mwonyesheni mganga. Lakini kidonda kikitoa usaha au harufu, au mgonjwa akipata homa, msingoje picha ya kesho. Nendeni hospitali.

4. Ombeni ruhusa. Mgonjwa na mzee wana heshima yao. Picha za mwili wa mtoto au za mgonjwa zisisambazwe kwa watu.

5. Simu hupotea na huharibika. Kila mwezi safisheni angalau picha moja studio, mwandike tarehe nyuma, na kuihifadhi.

Tukumbuke pia kwamba picha haipimi sukari, wala haichukui nafasi ya mizani na kadi ya kliniki ya mtoto. Kazi yake ni kutuamsha tuulize. Bibi wa nyumbani kwetu hakulalamika hata siku moja, na wazee wengi ndivyo walivyo. Basi, ndugu wasomaji, jioni ya leo tuwaite wote barazani, tuwatazame vizuri, na tuulize: "Hujambo kweli?"