Kagua Gari Kabla ya Kuling'oa

Wanafunzi wengi wa udereva hudhani kwamba mtihani huanza injini inapowashwa. La hasha! Dereva mwema huanza kazi akiwa bado nje ya gari.

Nchini Uingereza, tangu 2003 watahini huwauliza wanafunzi maswali mawili kuhusu usalama wa gari. Mathalani: utajuaje kama breki zinafanya kazi? Anayekosa huandikiwa kosa dogo tu, na bado aweza kufaulu. Barabarani, hata hivyo, kosa lilo hilo laweza kuua.

Basi, ndugu msomaji, uwe wajiandaa kwa mtihani hapa Kenya au wawapeleka watoto shuleni, jizoeze utaratibu huu. Kwanza, lizunguke gari. Huenda mtoto anacheza nyuma yake. Tazama matairi: tairi lililokwisha meno huteleza mvua inyeshapo. Hakikisha taa zote zinawaka na kioo cha mbele ni safi. Fungua boneti upime oili, maji na mafuta ya breki. Lakini usifungue kifuniko cha redieta injini ikiwa moto, maana maji yatakuunguza.

Ukishaingia, rekebisha kiti na vioo, kisha kila mtu afunge mkanda. Kanyaga breki kabla ya kuondoka. Ikiwa laini, au ikizama hadi chini, usiende popote, mwite fundi.

Shughuli hii huchukua dakika chache tu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.