Saruji ya Jino: Tabaka Lisiloandikwa kwenye Kifungashio

Maelezo mengi anayoyakuta mtumiaji kwenye kifungashio cha dawa ya meno huhusu weupe. Weupe huo ni habari ya enameli, gamba gumu linalofunika sehemu ya jino inayoonekana kinywani. Chini ya ufizi jino halina enameli. Huko mzizi umevikwa tishu nyingine kabisa, ambayo wataalamu huiita sementamu, nasi katika makala haya tutaiita saruji ya jino. Tunaieleza kwa sababu zipo bidhaa zinazouzwa kana kwamba jino zima ni enameli, na anayeamini hivyo aweza kujidhuru kwa fedha yake mwenyewe.

Jina lisimhadae msomaji. Saruji ya mjenzi hugeuka jiwe. Saruji ya jino hufanana zaidi na mfupa. Takriban asilimia 96 ya uzito wa enameli ni madini, ilhali katika saruji ya jino madini ni kama asilimia 45 hadi 50 tu. Sehemu inayobaki ni maji na protini, hasa kolajeni, ileile inayoipa ngozi uimara wake. Tena, tofauti na mfupa, tishu hii haina mishipa ya damu.

Kazi yake kubwa imo katika kolajeni hiyo. Nyuzi zitokazo kwenye mfupa wa taya huvuka nafasi nyembamba inayouzunguka mzizi na kuzama ndani ya saruji, mfano wa kamba zilizozikwa katika ukuta ungali mbichi. Jino, basi, halikupigiliwa katika taya kama msumari katika ubao. Limeshikiliwa kwa nyuzi, na hubonyea kidogo mno tunapotafuna. Sehemu ya juu ya saruji haina chembe hai ndani yake. Ile iliyo karibu na ncha ya mzizi inazo. Tabaka jipya huongezeka juu ya la zamani maisha yote, na watafiti wa wanyamapori hukata jino la mnyama aliyekufa wakahesabu mistari hiyo ili kukadiria umri wake, kama mtu ahesabuvyo pete za shina la mti.

Hata hivyo, pale inapokutana na enameli, karibu na ufizi, saruji hii ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari: mikromita 20 hadi 50 tu, yaani haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Katika baadhi ya meno tishu hizo mbili hazikutani kabisa, na dentini iliyo chini hubaki wazi.

Maadamu ufizi uko mahali pake, wembamba huo hauna madhara. Ufizi ukirudi nyuma kwa sababu ya ugonjwa au kupiga mswaki kwa nguvu, mzizi hujitokeza, na saruji iliyo wazi kinywani ikilika haioti tena. Maji baridi hutia ganzi. Aidha, enameli huanza kuyeyuka asidi ya kinywa inapofikia pH ya 5.5 hivi, ilhali mzizi huanza kuyeyuka pH ingali juu ya 6. Soda isiyotosha kuudhuru utosi wa jino yaweza kuuharibu mzizi.

Kwa hiyo tunamshauri mtumiaji achague mswaki laini, na dawa yenye floraidi ya kiasi cha ppm 1000 hadi 1500, namba ambayo huandikwa kwenye kifungashio. Kiwango cha kimataifa cha ISO 11609 kimeweka kikomo cha ukwaruzaji wa dawa ya meno kuwa 250, ambapo kikwaruzo cha kulinganishia ni 100. Kwa bahati mbaya namba hiyo huonekana kwa nadra madukani. Unga wa mkaa, majivu au mchanga laini uliosagwa nyumbani haukupimwa na yeyote, na kwa mzizi ulio wazi hatuoni sababu ya kuutumia hata mara moja.

Lipo jambo moja la dharura. Jino la ukubwani liking'oka kwa ajali, lishikwe upande wa utosi, kamwe si mzizi, kwa kuwa juu ya saruji hubaki mabaki hai ya zile nyuzi. Lisisuguliwe. Kama limechafuka, lisuuzwe kwa maji au maziwa kwa muda mfupi, lirudishwe tunduni mwake, au liwekwe katika maziwa, na mgonjwa afikishwe kwa daktari wa meno kabla saa moja haijapita. Jino la utotoni halirudishwi.