Jino Limeng'olewa, Mbona Siku ya Tatu Maumivu Yanazidi?

Mtu anayeng'olewa jino hutarajia kwamba akishatoka kliniki, shida imekwisha. Kwa wengi huwa hivyo. Maumivu huanza ganzi inapoisha, uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hali huwa afadhali kila kukicha. Hata hivyo, wapo ambao mambo hugeuka. Siku mbili za kwanza wanaendelea vizuri na hata kurudi kazini, halafu siku ya tatu au ya nne maumivu yanaanza upya, makali kuliko ya jino lenyewe, yakipanda hadi sikioni upande uleule. Vidonge vya kawaida haviyatulizi. Mdomo unanuka na una ladha mbaya.

Wengi hudhani daktari ameacha kipande cha jino ndani, au ameng'oa jino lisilofaa. Mara nyingi sababu ni nyingine: tundu limekauka.

Jino linapotoka, tundu lake hujaa damu ambayo huganda na kuwa donge. Donge hilo ni bandeji ya asili. Linafunika mfupa wa taya na mishipa ya fahamu, na ndani yake nyama mpya huanza kuota. Likibanduka au kuyeyuka mapema, mfupa hubaki wazi. Chai ya moto, maji baridi, punje ya wali, vyote hugusa mfupa mtupu, na maumivu yake si mchezo.

Tatizo hili huwapata watu wachache tu kati ya kila 100 wanaong'olewa meno, lakini kwa magego ya mwisho ya taya la chini idadi hupanda sana. Wavutaji wa sigara wako hatarini zaidi, kwa kuwa moshi hupunguza damu inayofika kwenye kidonda na kule kuvuta kwenyewe kunaweza kubandua donge. Wanawake wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi nao huathirika zaidi, na wanafaa kumjulisha daktari kabla ya kung'olewa, bila kuacha vidonge kiholela.

Kosa linalogharimu wakazi pesa na muda ni kukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki. Tundu kavu kwa kawaida si maambukizi, na antibiotiki hazirudishi donge lililotoka. Kinachosaidia ni kurudi kliniki ya meno. Pale tundu husafishwa kwa maji maalum, kisha hutiwa dawa ya kutuliza, mara nyingi yenye mafuta ya karafuu. Wengi hupata nafuu siku hiyohiyo, ingawa huenda wakahitaji kurudi kubadilishiwa dawa. Kujaza karafuu nzima au tumbaku tunduni ukiwa nyumbani si sawa na matibabu hayo. Huko ni kuongeza uchafu kidondani. Aspirini nayo haifai kuwekwa juu ya ufizi, kwa sababu huuchoma.

Maagizo ya kuzuia haya yote hutolewa kliniki, ila hutolewa wakati mgonjwa ana ganzi na ameuma shashi, hawezi kuuliza swali. Ni vyema kuandamana na mtu atakayesikiliza kwa niaba yake, au kuomba maagizo yaandikwe.

Saa 24 za kwanza ndizo muhimu zaidi. Shashi iumwe kwa nguvu kwa muda wa nusu saa hadi dakika 45, bila kuitoa kila mara kuangalia damu. Mgonjwa asisukutue mdomo, asiteme mate kwa nguvu, asinywe soda kwa mrija, na asiguse tundu kwa ulimi au kijiti. Mate yenye rangi ya damu siku ya kwanza ni kawaida. Damu ikizidi kutiririka, aume shashi safi kwa nusu saa nyingine akiwa ameketi wima. Isipokoma, arudi hospitali.

Baada ya siku hiyo, nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji vuguvugu yatosha kusukutulia polepole baada ya kila mlo. Uji usio moto sana, viazi vilivyopondwa na ndizi ni chakula kizuri. Githeri na mahindi choma yasubiri. Miraa na muguka pia, na hapa hakuna njia ya mkato: kutafuna kwa saa nyingi juu ya kidonda kibichi hakuwezi kusaidia. Sigara iachwe kwa angalau siku tatu, na ikiwezekana wiki nzima.

Zipo dalili ambazo hazifai kusubiri tarehe ya kliniki. Uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, homa, usaha, au kushindwa kufungua mdomo ni ishara za maambukizi. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu au shingoni, na mgonjwa akatatizika kumeza au kupumua, apelekwe idara ya dharura saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Maambukizi ya aina hiyo yanaweza kuziba njia ya hewa na kuua. Wenye kisukari, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda na wenye kinga dhaifu wafuatiliwe kwa karibu zaidi.

Kwa jino la juu, maji yakitokea puani unapokunywa, mwambie daktari. Huenda tundu limefungukia kwenye uwazi wa mfupa wa shavu. Ama ile hofu kwamba kung'oa jino la juu hupofusha macho, haina msingi wowote.

Ufizi huchukua wiki tatu hadi nne kufunga, na mfupa ulio chini yake miezi kadhaa kujaa. Katika kipindi hicho kijipande chenye ncha kinaweza kuchomoza ufizini. Kwa kawaida ni ukingo wa mfupa unaojitoa wenyewe; kikisumbua, kliniki hukiondoa kwa dakika chache.