Mtoto anaziba masikio sokoni: si ulozi, si kukosa adabu

Kwa soko la Kadutu kule Bukavu, ao Virunga kule Goma, mambo kama haya yanaonekana: mtoto anaziba masikio, anajitupa chini, analia bila kunyamaza. Watu wanajaa. Mmoja anasema mama hakumufunza adabu, mwengine anasema ni mapepo. Mama anamubeba, anarudi nyumbani na haya. Toka siku hiyo anaanza kumuficha.

Mtoto kama huyo anaweza kuwa na otisimu. Ni ubongo unaokua kwa namna tofauti tangu utotoni. Anaweza kuchelewa kusema, kurudilia jambo moja, kusumbuliwa na kelele. Haitoke kwa laana wala kwa malezi mabaya ya mama.

Utafiti unaonyesha kwamba karibu watoto 4 kwa 10 wenye otisimu wana pia woga unaopita kipimo. Wengi hawawezi kusema « naogopa », basi woga unatokea kwa mwili: tumbo linauma, usingizi unakosa, mtoto anakimbia ao anajipiga kichwa. Mzazi anaona ukaidi, anachapa, na woga unazidi.

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitengeneza mafunzo kwa wazazi: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 nyumbani. Yamejaribiwa hata Addis Abeba, Ethiopia, baada ya kurekebishwa kufuatana na maisha ya pale.

Kwetu, kurekebisha ni kuanza na jamaa yote. Mama peke yake hawezi: kama yeye anatuliza na nyanya anachapa, mtoto anachanganyikiwa. Wote wafuate njia moja.

Maombi nayo? Familia inayosali iendelee kusali. Lakini kumufunga mtoto ao kumunyima chakula ili « mapepo yatoke » ni mateso. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kumushitaki kwa ulozi. Anayemushitaki hivyo anaweza kufungwa mwaka 1 mpaka 3.

Kwa woga wenyewe, mwendo ni pole pole. Chora kwa kipande cha karto mambo ya siku: kuoga, kula, soko, kurudi. Mwonyeshe mbele ya kutoka. Siku ya kwanza mufike kwa barabara tu. Kisha kwa meza ya kwanza, asubuhi, mbele watu hawajajaa, na murudi. Kumulazimisha kunaongeza woga. Kumuficha siku zote pia kunauongeza.

Kwa familia zilizokimbia vita, mushike hata kitu kimoja kisichobadilika: kitambaa chake, wimbo wa jioni, saa ya kula.

Na kama mtoto hasemi, muanzie kwa kituo cha afya, muombe wapime masikio kwanza. Pengine hasikii.