Plakete hazitaki barafu

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa kikundi alitumwa kuchukua mfuko wa plakete kwenye benki ya damu, aupeleke hospitali. Mtoto wake wa miaka 6 anatunzwa kansa ya damu. Dawa kali zilikuwa zimepunguza plakete mwilini mwake, na ufizi ulikuwa unatoka damu tangu asubuhi. Jua lilikuwa kali. Mama akafanya kama wengi wetu tungefanya: alinunua barafu, akaulaza mfuko juu yake ndani ya ndoo, kama samaki.

Muuguzi aliupokea, akauinua mbele ya dirisha, akaugeuza pole pole, kisha akatikisa kichwa. Mfuko ule haukutumiwa. Mtoto alingoja siku mbili mpaka mwingine upatikane. Leo damu imesimama na yuko nyumbani. Mama yake ndiye aliyetuomba tuwaandikie wamama wenzetu habari hii.

Plakete ni nini?

Ni chembe ndogo sana za damu. Ukijikata kisu jikoni, ndizo zinazokimbilia kidonda, zinashikana na kuziba mahali palipopasuka. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kuzihitaji, na pia mtoto anayetunzwa kansa.

Damu iliyotolewa ikitenganishwa, kila sehemu ina makao yake. Chembe nyekundu zinakaa kwenye frigo, kati ya digri 2 na 6, na zinaweza kudumu wiki 5 au zaidi. Maji ya damu yanagandishwa kabisa. Lakini plakete zinataka digri 20 hadi 24, na zinatikiswa taratibu mchana na usiku juu ya mashine.

Kwa nini baridi inaziharibu? Plakete nzima ni bapa kama kisahani. Zikipata baridi zinavimba na kuota miiba. Zikiingia mwilini, ini linaziondoa upesi, na mgonjwa hakai nazo siku nyingi. Huko Marekani madaktari wanaruhusiwa kutumia plakete za frigo kwa mtu anayevuja damu saa ileile, lakini hizo zimetayarishwa hivyo tangu mwanzo. Barafu ya ndoo si kitu kimoja na hiyo.

Na kwa nini zitikiswe? Plakete zingali hai, zinapumua kupitia plastiki ya mfuko. Zikilala bila kutikiswa zinakosa hewa, asidi inaongezeka, na zinakufa. Ndiyo maana umeme ukikatika kwa muda mrefu, mifuko inaweza kupotea. Muuguzi anazitambua kwa macho: zilizo nzima, zikigeuzwa mbele ya mwanga, zinang'aa na kuzunguka kama moshi mwembamba. Zilizoharibika zinatulia tu.

Joto kali nalo ni adui. Hata katika digri 22 mikrobi inaweza kuzaana, kwa hiyo kwa kawaida plakete hazipiti siku 5. Mgonjwa akianza kutetemeka au kupata homa wakati anaongezewa, ita muuguzi mara moja. Usingoje mfuko uishe.

Ukitumwa kuubeba mfuko

Kwanza uliza: «Ni damu nzima, ni chembe nyekundu, au ni plakete?» Kila moja inabebwa kwa namna yake. Omba sanduku la benki ya damu yenyewe. Plakete usiziweke kwenye barafu wala juani, wala usizifiche chini ya nguo ili zipate joto. Usipite sokoni wala nyumbani. Nenda moja kwa moja.

Tufanye kama likelemba

Kitu kinachodumu siku 5 hakiwezi kuwekwa akiba. Tukienda wote kutoa damu tarehe 14 Juni, Siku ya Watoaji Damu, halafu tukalala mwaka mzima, plakete zetu hazitafika hata mwisho wa mwezi. Na dozi moja ya mtu mzima inahitaji kwa kawaida damu ya watu 4 hadi 6.

Sisi wamama tunajua kupokezana. Mwanamke anaweza kutoa damu kila baada ya miezi 4. Kikundi cha wamama 36 kikipeleka wawili kila wiki, zamu itamrudia kila mmoja baada ya wiki 18, yaani miezi 4 na siku chache. Hakuna anayechoka, na kila wiki kuna damu mpya.

Aliye na mimba au anayenyonyesha asubiri, na mwenye upungufu wa damu ajitunze kwanza. Ukiwa umemeza aspirini siku hizi za karibuni, mwambie muuguzi kabla ya kutoa, maana aspirini inazizuia plakete kushikana.

Katika mkutano ujao tutaleta daftari la zamu. Njoo na jirani yako mmoja.