ELIMU BILA ADA SI ELIMU BILA MZAZI

Tangu Serikali zetu mbili zilipoamua kwamba mtoto wa Tanzania asome bila ya kulipa ada, imezuka miongoni mwetu fikra moja ambayo isipokemewa mapema itabomoa kilichojengwa kwa jasho jingi. Fikra hiyo ni kwamba mtoto akishaandikishwa skuli amekuwa wa Serikali, na kwamba kazi ya mzazi imekwisha siku ile aliyomnunulia sare. Leo tunapenda kuizungumza fikra hiyo waziwazi, kwa wazazi wenzetu wa Visiwani na kwa watendaji waliokabidhiwa dhamana ya elimu.

Visiwani, elimu ilitangazwa kuwa bure tarehe 23 Septemba, 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi. Bara, Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima katika skuli za Serikali hadi kidato cha nne, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo ikafutwa. Hizi ni hatua za kujivunia. Lakini ada iliyoondolewa ni fedha. Malezi hayakuondolewa na waraka wowote.

Tumechagua kutoa mfano wa Njombe na Makambako kwa sababu ni mahali ambapo hakuna awezaye kusingizia njaa. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Mbeya hufika Makambako, mji uliokua pale barabara ya Songea inapochepuka, penye stesheni ya TAZARA, reli tuliyokabidhiwa na ndugu zetu wa China mwaka 1976. Kutoka hapo hadi Njombe ni kiasi cha kilomita 60, katika nyanda za juu zinazokaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Baridi ya Juni na Julai huko ni kali, lakini ardhi ina neema. Viazi, mahindi, maharage, chai, mbao na maparachichi vinatoka huko kwenda pande zote za nchi, na sehemu ya viazi tunavyokula sisi hapa Unguja vimepita mikononi mwa wakulima hao. Ni watu wachapa kazi. Hapana wa kuwafundisha jembe.

Pamoja na neema hiyo, uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Njombe watoto 50 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni 30. Ghala imejaa na mtoto amedumaa! Wataalamu wa lishe wanaeleza kwamba mlo wa namna moja, na mama kushinda shambani tangu alfajiri huku mdogo akiachiwa dada yake, ni miongoni mwa sababu. Mtoto huyo ndiye atakayeingia darasa la kwanza, na mwalimu atatakiwa amfundishe kusoma na kuhesabu sawasawa na mwenzake.

Huo ndio ushahidi wetu wa kwanza. Kuwa na chakula si kulisha, na kuwa na skuli si kusomesha. Kati ya ghala na tumbo la mtoto, na kati ya jengo la skuli na akili ya mtoto, lazima awepo mtu mzima anayeangalia.

Ushahidi wa pili ni wa kazi. Wakati wa kiangazi wakulima wa Njombe hulima mabonde yenye unyevu, yanayoitwa vinyungu, na kila mkono nyumbani hutakiwa. Msimu wa kuvuna viazi lori husubiri barabarani na mtoto wa darasa la tano huonekana ni msaada ulio karibu. Aidha, kwa miaka mingi wasichana na wavulana wa mikoa ya Njombe na Iringa wamekuwa wakichukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani mijini, na njia yao ni hiyo hiyo ipitayo Makambako. Sheria zetu zimekataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Lakini sheria haisimami stendi saa kumi na moja alfajiri kumuuliza binti anakwenda wapi. Anayeweza kuuliza ni mzazi, na baada yake jirani na balozi.

Tena tusisahau kuwa si kila mtoto huko ana baba na mama. Mkoa wa Njombe ndio ulioelemewa zaidi na UKIMWI nchini: uchunguzi wa 2022 hadi 2023 ulipata asilimia 12.7 ya watu wenye miaka 15 na zaidi wana virusi, wakati kwa taifa ni asilimia 4.4. Watoto wengi wamelelewa na bibi zao. Tunaposema mzazi, basi, tunamkusudia kila mtu mzima ambaye mtoto hurudi kwake jioni.

Tusidhani maneno haya ni ya Bara peke yake. Pemba kuna msimu wa karafuu. Kuna madago ambako kijana hufuatana na wavuvi akarudi baada ya mwezi. Kuna mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja. Mtoto anayekosa wiki tatu za masomo kwa ajili ya karafuu hana tofauti na yule wa Njombe aliyezikosa kwa ajili ya viazi. Wote wawili hurudi darasani wakakuta wenzao wameshavuka, wakaanza kuona haya, na mwisho wakaacha.

Sasa tuangalie hesabu, maana wapo wasemao Serikali inatoa fedha. Ni kweli. Kiwango kilichowekwa Bara ni shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi, na 25,000 kwa wa sekondari. Mwaka wa masomo una siku 194. Gawa, utaona kuwa fungu la mtoto wa msingi ni shilingi 51 na ushei kwa siku, na humo ndimo mnatakiwa mtoke vitabu, chaki, matengenezo na mitihani. Uji haumo. Ndiyo maana Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ulieleza bayana kwamba sare, madaftari, matibabu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni wajibu wa mzazi. Mtoto anayetembea katika baridi ya Njombe bila ya kitu tumboni, akakaa hadi saa nane, hawezi kushika hesabu ya sehemu hata akifundishwa na mwalimu bora. Debe moja la mahindi kwa kila nyumba, likapikwa kwa zamu chini ya kamati ya skuli, lina faida kubwa kuliko malalamiko ya mwaka mzima.

Mzazi mwingine atasema: "Mimi sikusoma, nitamsaidia nini?" Swali hili ni la haki na linataka jibu. Mtoto wa Njombe husema Kibena nyumbani, husoma kwa Kiswahili skuli ya msingi, kisha hufika sekondari akakuta Kiingereza. Hata matokeo yenyewe yameandikwa kwa namna inayompoteza mzazi. Katika mtihani wa kidato cha nne, mwenye pointi 7 ndiye aliyeshinda kuliko wote, na mwenye pointi 33 yumo ukingoni mwa daraja la nne. Ni nani atakayemlaumu mzee aliyesikia 33 akachinja kuku kwa furaha?

Lakini sisi wa Visiwani tunalo jibu la swali hilo, nalo tunalo tangu utotoni. Tuliosoma chuoni kabla ya kuingia skuli tunakumbuka wazee wetu walivyofanya. Mzazi alimshika mtoto mkono akampeleka mwenyewe kwa mwalimu na kumkabidhi. Jioni alimuuliza amefika wapi. Alimtaka asome kwa sauti, naye akasikiliza. Wengi wa wazee hao hawakuwa wanazuoni, lakini mtoto alijua kuwa nyumbani kuna sikio, na kuwa mwalimu na mzazi wanajuana kwa sura na kwa jina. Tunauliza: mbona mkono ule ule hauonekani kwenye lango la skuli? Kumfungulia mtoto daftari na kutazama tarehe ya mwisho aliyoandika hakuhitaji cheti. Wala hakuhitaji cheti kumwambia mwalimu, "Nieleze ripoti hii kwa maneno ya kawaida," au kumpa mtoto nusu saa ya taa kabla ya kumtuma dukani.

Nanyi ndugu watendaji, mzigo huu si wa mzazi peke yake. Mzazi anayeitwa skuli kwa ajili ya michango na lawama tu hujifunza kujificha. Mwiteni pia siku mtoto wake alipofanya vizuri. Msiitishe mkutano asubuhi ya siku ya gulio au saa ya maji kupwa, kisha mkasema wananchi hawana mwamko. Bandikeni mapato na matumizi ya skuli mahali pa wazi, kwa maandishi makubwa, na someni kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma. Someni na nyaraka zenyewe, mkizieleza kwa lugha ya watu. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hakutoa mchango. Mzazi afuatwe na aelimishwe. Na Chama, ambacho Jumuiya yake ya Wazazi ina mizizi katika TAPA ya miaka ya 1950, kinapaswa kukumbuka kuwa jumuiya ile ilianzishwa na wazazi waliojenga skuli kwa mikono yao wakati mkoloni aliponyima. Haitastahiki jina hilo ikiwa itaonekana wakati wa uchaguzi peke yake.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Serikali imefungua mlango na kuondoa kiingilio, lakini haiwezi kumwamsha mtoto asubuhi, wala kumuuliza jioni amesoma nini. Tunawaomba wazazi wa Unguja na Pemba, na wenzao wa Njombe na Makambako, kila mmoja aende skuli ya mwanawe kabla ya muhula huu kwisha, amjue mwalimu kwa jina, na aulize mtoto wake amefika wapi.